Kuchua Misuli ya Mwanamichezo: Mwongozo Kamili kwa Timu za Mtaani Lamu

Kuchua hakumfanyi mtu akimbie kasi zaidi. Naanza na hilo kwa sababu kabla ya mechi pale uwanja wa Twaif utamkuta winga amelazwa kwenye kikoi, mapaja yanasuguliwa kwa nguvu zote, na anayemsugua anamwahidi kwamba leo atapaa. Hapai kwa ajili hiyo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walizipitia tafiti 29 zenye washiriki zaidi ya 1,000 wakitafuta kama kuchua kunaongeza nguvu, mruko, kasi au pumzi. Hawakuona nyongeza. Walichoona ni mambo mawili madogo lakini ya kweli: viungo hunyumbuka zaidi kidogo, na yale maumivu yanayomshika mtu siku ya pili baada ya kazi ngumu hupungua.

Kwa timu ya mtaani hayo si haba. Mashindano yetu hubanwa, leo mechi na kesho kutwa mechi, na beki anayeshuka ngazi za ghorofani kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja hana cha kumpa kocha. Kazi ya mchuaji ni huyo wa kesho kutwa. Ukilishika hilo, mengine yote ya mwongozo huu (lini, wapi, kwa nguvu gani) yanajipanga yenyewe.

Kuna na imani nyingine ya kuondoa mapema, kwamba kuchua "kunatoa asidi" misulini. Asidi ya laktiki huondoka yenyewe, kwa kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya mtu kupumzika, na kutembea taratibu huiondoa upesi zaidi. Watafiti wa Kingston, Kanada, walionyesha mwaka 2010 kwamba kuchua mara tu baada ya mazoezi makali kulichelewesha uondokaji wake, kwa kuwa mikono inayobonyeza huzuia mkondo wa damu. Maumivu ya siku ya pili chanzo chake ni michubuko midogo sana ndani ya nyuzi za misuli, hasa pale msuli unapofanya kazi huku unarefuka: kuteremka mchanga, kufunga breki, kutua baada ya kuruka kichwa. Hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada hiyo hiyo, mwaka 2012 walichua paja moja la kila kijana kwa dakika kumi baada ya kuwachosha vijana 11 kwa baiskeli, wakachukua vipande vidogo vya nyama kutoka mapaja yote mawili. Kwenye paja lililochuliwa dalili za uvimbe wa ndani zilikuwa chini. Laktiki haikubadilika.

Kabla hujamgusa mtu

Maswali kwanza, mafuta baadaye. Muulize panauma wapi, tangu lini, na palianzaje. Jibu la "tangu" ndilo linaloamua. Maumivu yaliyoenea paja zima na kuanza asubuhi baada ya mechi ni ya kuchua. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuifunika kwa kidole, yaliyoanza kwa kishindo au kwa mlio wa "ta!" katikati ya mbio, hayo ni jeraha, na jeraha bichi halichuliwi.

Hapa ndipo watu wetu huumizana zaidi, na wote kwa nia njema. Mtu amepigwa goti kwenye paja, paja limevimba, na jioni ile ile mzee mmoja anamkanda kwa maji moto na kumsugua "damu iliyolala iamke". Damu ile inavuja ndani ya nyama. Joto na mkono mzito huizidisha, na paja lililopigwa vibaya likisuguliwa mapema lina hatari ya kuota mfupa ndani ya msuli, jambo linaloweza kumkalisha mchezaji nje kwa miezi. Kwa siku mbili hadi tatu za mwanzo: pumzisha, funga bandeji isiyobana hadi ganzi, inua mguu juu ya usawa wa moyo, na ukitaka kupunguza maumivu weka barafu iliyofungwa kitambaani dakika kumi hadi kumi na tano. Barafu ya kuhifadhia samaki inafaa kabisa.

Yako na mengine usiyoyagusa hata kidogo. Mwenye homa. Mwenye kidonda, jipu au fangasi mahali pale. Kifundo au mfupa unaoshukiwa kuvunjika. Mwenye selimundu aliyeshikwa na maumivu, ugonjwa ambao huku pwani si mgeni. Huyo ni wa hospitali, wala si wa mkekani. Na zaidi ya yote, shavu moja la mguu lililovimba, lenye joto na maumivu, bila ya mtu kupigwa wala kuteguka, hasa kama amekaa na plasta au ametoka safari ndefu ya basi kutoka Mombasa hadi Mokowe. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukiisukuma inaweza kusafiri hadi mapafuni na kuua. Mpeleke hospitali ya King Fahd au zahanati iliyo karibu siku hiyo hiyo.

Mahali, mafuta na adabu

Meza maalumu si lazima. Mkeka na godoro jembamba juu ya baraza pana vinatosha, ila mgongo wako utalalamika, kwa hiyo piga magoti badala ya kuinama. Viringisha taulo au kikoi mbili: moja ya kuweka chini ya vifundo vya miguu anapolala kifudifudi, nyingine chini ya magoti anapolala chali.

Mwanamume amchue mwanamume, mwanamke amchue mwanamke. Timu za wasichana zinaongezeka, na kila moja inahitaji mama au dada mmoja aliyefundishwa kazi hii. Mchezaji aliye mtoto achuliwe mbele ya mzazi au kocha, mahali pa wazi. Makalio huchuliwa juu ya bukta au kikoi, na kinena hakichuliwi mkekani hata mchezaji akiomba.

Mafuta ya nazi yanafaa, ya simsim yanafaa zaidi kwa kazi ndefu kwa sababu hayanywewi na ngozi upesi. Kijiko kimoja cha chai kwa shavu la mguu kinatosha. Ukizidisha, mkono unateleza juu ya ngozi na msuli haukamatiki. Dawa za kupaka zenye menthol huleta hisia ya joto au baridi ngozini lakini hazipashi msuli. Zisifike kwenye kidonda wala machoni, na unawe kwa sabuni kabla ya kumgeukia mtu mwingine. Tena kwa anayetoka kufanya mazoezi kwenye mchanga wa ufuo wa Shela: aoge miguu kwanza. Chembe za mchanga zikichanganyika na mafuta humchubua ngozi, na mchubuko huo ukiingia maji ya chumvi kesho yake utasikia kelele.

Mikono inafanya nini

Mpangilio wa mbinu unaofundishwa vyuoni leo, ule unaoitwa wa Kiswidi, uliwekwa karne ya 19 na daktari Mholanzi, Johan Georg Mezger. Bibi zetu hawakumsubiri, lakini mgawanyo wake unasaidia kufundishia.

Mpapaso mrefu ndio mwanzo na mwisho wa kila kitu. Viganja vyote vimelala, vidole vimekusanyika, unasukuma taratibu kuelekea moyoni na kurudi kwa mkono mwepesi usiobonyeza. Unapasha ngozi, unasambaza mafuta, na muhimu kuliko vyote, unasoma. Viganja vitakuonyesha kamba ngumu iko wapi kabla mwenyewe hajakwambia.

Kukanda ni kuuinua msuli kutoka mfupani, kuubana kati ya kiganja na vidole, kuukabidhi mkono wa pili, kama unga wa mahamri ulioiva. Wanaojifunza hubana ngozi badala ya nyama, na hiyo huuma bila faida. Chukua fungu kubwa.

Kubonyeza na kutulia: umekuta fundo, weka kidole gumba juu yake, ongeza uzito polepole kwa kuegemea mwili, tulia sekunde 20 hadi 30 mpaka maumivu yashuke. Yasiposhuka, ondoka. Kidole gumba kikae kimenyooka na kikisaidiwa na mkono wa pili, la sivyo baada ya msimu mmoja utakuwa wewe mgonjwa.

Msuguano wa kukatisha, ambapo ncha ya kidole husugua kukata nyuzi za kano badala ya kuzifuata, ulitangazwa na daktari Mwingereza James Cyriax kwa majeraha ya zamani ya kano. Hufanywa bila mafuta. Ushahidi wake si mzito na huuma, kwa hiyo mwachie mtaalamu wa fiziotherapia. Kupigapiga kwa ubavu wa kiganja, kunakopendwa sana kwenye sinema, kunaamsha mtu kabla ya mechi na si zaidi.

Nguvu kiasi gani? Tumia kipimo cha sifuri hadi kumi na umwambie mwanzoni. Baada ya mechi baki kwenye tatu au nne. Siku ya kazi ya kina, tano hadi sita. Saba usivuke. Lakini usiamini mdomo peke yake, kwa maana vijana hujikaza:

"Hapo umefika ngapi?"

"Sita, ami."

"Na vidole vya mguu mbona umevikunja?"

"…Basi nane."

Vidole vilivyokunjwa, pumzi iliyozuiwa, kikoi kilichokamatwa kwa ngumi: punguza. Msuli unaojitetea haulegei.

Shavu la mguu, hatua kwa hatua

Nimelichagua hili kwa urefu kwa sababu ndilo linaloteseka zaidi kwetu. Watafiti wa Ubelgiji walipima mwaka 1998 wakaona kukimbia kwenye mchanga mlaini kunakula nishati karibu mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Kisigino kinazama, shavu la mguu linavuta mara mbili. Anayefanya mazoezi kwenye fungu la Shela anajua.

Hatua ya 1. Alale kifudifudi, taulo chini ya kifundo, nyayo zining'inie. Zikigusa mkeka, msuli hautalegea.

Hatua ya 2. Pasha mafuta viganjani. Mpapaso mrefu kutoka juu ya kisigino hadi vidole vinne chini ya uvungu wa goti, sekunde tano kwenda juu, mara nane hadi kumi. Uvungu wenyewe usiubonyeze. Mshipa mkubwa wa damu na neva zinapita hapo bila kinga ya nyama.

Hatua ya 3. Kanda dakika mbili, mikono ikipokezana, ukianzia sehemu nene na kushuka. Pale msuli unapogeuka kuwa kano, punguza. Kano la kisigino hukamatwa kwa kidole gumba na cha shahada tu, kwa wepesi, na likiwa limevimba au linauma asubuhi anapoamka, liache.

Hatua ya 4. Katikati ya shavu pana mfereji, kwa sababu msuli wa juu una vichwa viwili. Weka vidole gumba viwili sambamba ndani ya mfereji huo, panda taratibu kama unautenganisha. Mafundo mengi yako kwenye kichwa cha ndani, theluthi ya juu. Tumia kubonyeza na kutulia, mafundo mawili au matatu, si kila kinachouma.

Hatua ya 5. Sasa kunja goti nyuzi 90 na ushike unyayo kwa mkono mmoja. Msuli wa juu unalegea na chini yake unapatikana wa pili, bapa, ambao ndio unaobeba kazi ya mchanga. Wachuaji wengi hawaufikii kabisa. Bana kutoka pande zote mbili kwa kidole gumba na vidole vingine, ukipanda kutoka kisiginoni hadi nusu ya mguu. Hapa ndipo mtu husema, "Hapo! Hapo hapo!"

Hatua ya 6. Mguu ukiwa bado umekunjwa, bonyeza sehemu ngumu na umwambie avute vidole vya mguu kuelekea gokoni (kwenye muundi), kisha avinyooshe, taratibu, mara tano au sita. Msuli unateleza chini ya kidole chako. Mwendo huu huleta unyumbukaji zaidi kuliko dakika kumi za kusugua.

Hatua ya 7. Rudi kwenye mpapaso mrefu, mara sita, mwepesi kila unavyoendelea. Futa mafuta. Dakika nane kwa mguu zinatosha.

Paja na makalio hufuata mpango ule ule na sitarudia yote. Nyuma ya paja, anzia juu ya goti hadi mkunjo wa kalio. Akisema anahisi ganzi au umeme ukishuka mguuni, uko juu ya neva, sogea. Mfupa wa kukalia ukiuma kwa kuguswa, hilo ni tatizo la kano na si la kuchua. Mbele ya paja, alale chali na taulo chini ya goti, tumia kigasha, yaani mkono kutoka kifundo hadi kiwiko, kwa mpapaso mzito. Pembe ya juu ndani, karibu na kinena, ina mshipa mkubwa wa damu na haiguswi. Ukanda mgumu wa nje ya paja usijichoshe nao: ni utando mnene usiorefuka kwa kubonyezwa, na wanaoukanyaga kwa kisugudi (kiwiko) wanamtesa mtu bure. Fanya kazi kwenye misuli ya nyonga inayouvuta, kwa ngumi, juu ya bukta.

Lini

Kazi ya kina ifanywe siku mbili au tatu kabla ya mechi. Mechi ikiwa Ijumaa jioni, basi Jumanne au Jumatano. Msuli uliobonyezwa sana huwa mlegevu na mwenye maumivu kesho yake, na hutaki mshambuliaji wako aingie hivyo.

Siku ya mechi, dakika tano hadi kumi, upesi na wepesi, juu ya nguo ikibidi. Kisha apashe mwili kwa kukimbia. Kuchuliwa si kupasha mwili, na kocha anayemruhusu mchezaji kutoka mkekani kwenda moja kwa moja uwanjani anamtafutia jeraha. Kama mtu ana wasiwasi mpapaso wa polepole mgongoni humtuliza. Kama amezubaa, mpigopigo.

Baada ya mechi mwache atembee, anywe maji, ale. Mchue saa moja au mbili baadaye, au usiku, dakika 20 hivi kwa miguu yote, kwa mkono wa tatu au nne. Kesho yake unaweza kurudia. Mwezi wa Ramadhani kazi hii iwe baada ya futari, mtu akishapata maji.

Msuli ukikakamaa uwanjani usiukande. Nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea gokoni polepole, shikilia sekunde 30 au mpaka ulegee, ndipo umpapase. Chanzo kikubwa huwa ni uchovu, kwa hiyo aliyekakamaa dakika ya 70 atakakamaa tena dakika ya 75. Mwambie kocha amtoe. Akiwa na mwili wa moto, anatapika au anazungumza ovyo, hiyo ni hatari ya joto: kivulini, maji baridi mwili mzima, na hospitali. Vile vile aliyefanya mazoezi mazito asiyoyazoea, misuli imevimba na mkojo umekuwa wa kahawia, asichuliwe kabisa. Msuli unaovunjika unaweza kuharibu figo, na huyo anahitaji daktari usiku huo huo.

Asiye na mchuaji

Mti wa kusukumia chapati unafanya kazi nzuri mbele ya paja na kwenye shavu la mguu: kaa, legeza mguu, sukuma kuelekea moyoni dakika moja au mbili kila sehemu. (Uoshe kabla ya kuurudisha jikoni, au ununue wako.) Chupa ya maji iliyogandishwa chini ya unyayo, ikiviringishwa dakika tano, humsaidia anayeumwa chini ya kisigino asubuhi.

Wa majahazi na waogeleaji wana shida nyingine. Anayevuta kamba za tanga na kukaa juu ya ubao wa kuegemeza mashua wakati wa mashindano huchoka vigasha, mgongo na nyuma ya bega; muogeleaji huchoka mbele ya bega na kwapani. Chukua mpira wa tenisi, uweke kati ya ukuta na kombe la bega, egemea, sogea sentimita mbili mbili mpaka upate fundo, tulia sekunde 20 huku ukiinua na kushusha mkono. Usiweke mpira juu ya uti wa mgongo, wala upande wa mbele wa shingo. Kwa kigasha, laza mkono mezani, panda kwa kidole gumba kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kisugudi, ukifungua na kufunga ngumi. Mpira ukianguka kila mara, utie ndani ya soksi ndefu na uishike soksi begani.